Namna ya Kuusoma Utabiri wa Masika Visiwani: Moto wa Mwisho wa Kaskazi na Dhoruba za Machi hadi Mei

Kila mwaka, kabla masika hayajaingia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za Machi hadi Mei, na ndani yake Unguja na Pemba huwekwa pamoja na Tanga, Pwani, Dar es Salaam na maeneo ya jirani, kwa kuwa pwani hii ya kaskazini hupata mvua mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Wengi wetu huusikia utabiri huo redioni, tukashika neno moja tu, mvua nyingi au mvua chache, kisha tukaendelea na shughuli zetu. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu utabiri huo, ukisomwa vizuri, humsaidia mtu kujua lini asiwashe moto shambani, lini aezue paa bovu na lini aivute ngarawa yake juu ya ufukwe.

Anza na maneno yanayotaja wingi wa mvua. Mvua ya "wastani" katika utabiri huu ni ile iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa mahali husika. Tuseme kwenu wastani wa miezi hiyo mitatu ni milimita 800: basi mvua yoyote kuanzia milimita 600 hadi 1,000 ni ya wastani, na tofauti ya 600 na 1,000 kwa mwenye bonde la mpunga ni kubwa mno. Kwa hiyo aliyeambiwa "wastani" hajaahidiwa mwaka wa raha. Utabiri pia hutolewa kwa uwezekano. Ikiwa uwezekano wa mvua za juu ya wastani ni asilimia 40, bado asilimia 60 zimebaki upande wa wastani na chini yake, na mtu mwenye busara hujitayarisha kwa lile linaloelekea kutokea bila ya kulisahau jengine.

Baada ya wingi, tafuta tarehe za kuanza na kumalizika kwa mvua, halafu utafute maelezo ya mtawanyiko wake. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye faida kuliko kwengine kote. Jumla ya msimu inaweza kuwa nzuri na mpunga ukaungua, ikiwa mvua imemwagika kwa siku chache za Aprili na kabla yake pamekuwa na ukavu wa wiki mbili. Utabiri ukitaja "vipindi virefu vya ukavu" au "mvua kuchelewa kuanza", usiyapite maneno hayo haraka, kwani yanamhusu mkulima anayesubiri kuburuga na yanauhusu moto pia.

Kila taarifa ina uamuzi wake. Utabiri wa msimu ni wa kutengeneza paa, kuzibua mtaro na kuchagua mbegu. Utabiri wa siku tano ni wa kupanga safari, harusi au uvuvi. Na taarifa ya siku hiyohiyo ndiyo ya kuamua kuingia baharini au kubaki nchi kavu. Anayeingia baharini Aprili kwa kutegemea alichokisikia Februari anautumia utabiri mahali pasipo pake.

Sasa tuje kwenye moto. Utabiri wa masika huzungumza zaidi juu ya mvua, kwa hiyo hatari ya moto msomaji inambidi aikadirie mwenyewe, na mambo ya kuangalia ni manne: mvua ya mwisho ilinyesha lini, upepo wa kaskazi una nguvu gani, jua la mchana ni kali kiasi gani, na kuna majani makavu mengi kiasi gani. Hili la mwisho husahauliwa. Vuli ikiwa nzuri, majani na vichaka hukua kwa wingi, na Januari na Februari zikipita bila ya mvua, wingi huohuo hugeuka kuwa kuni. Vuli njema ikifuatwa na masika yaliyochelewa ndiyo hali ninayoihofia kuliko zote, hasa katika ardhi ya maweni ya mashariki na kusini ya Unguja, ambako udongo ni mchache juu ya jiwe na hukauka upesi. Moto ukiingia kwenye mizizi na nyufa za mawe huonekana umekufa, kumbe unafuka chini kwa chini, na kesho yake upepo ukipanda huibuka mbali na pale ulipowashwa. Karibu na msitu wa Jozani hasara yake haiishii kwenye shamba la mtu, maana kima punju hawapatikani porini popote duniani isipokuwa Zanzibar.

Anayesafisha shamba kabla ya mvua, ikiwa hana budi kuchoma, kwanza amjulishe sheha na majirani, na akiwa karibu na msitu awaone watu wa misitu. Asafishe ukanda mpana kuzunguka shamba mpaka udongo uonekane. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo cheche huelekea kusini-magharibi, na huko ndiko kwa kutazama kama pana nyumba za makuti, zizi au tanuri la chokaa lenye magogo yaliyopangwa. Moto uwashwe upande ule upepo unakoelekea, ili urudi polepole dhidi ya upepo, na uwashwe asubuhi mapema upepo ukiwa umelala, wala si saa sita ya mchana. Watu wasiondoke mpaka majivu yaguswe kwa mkono na kuonekana yamepoa.

Paa la makuti lina kipimo chake. Chukua jani moja la kuti la ukingoni, ulikunje. Likipinda, bado lina unyevu. Likikatika na kutoa sauti, basi paa zima liko tayari kushika moto, na jiko la makaa lisikae chini yake hata kwa dakika chache. Katika mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani, ambako mapaa ya makuti yamekaribiana, cheche moja yenye upepo inaweza kuruka kutoka paa hadi paa, na ndoo moja ya mchanga mlangoni haitoshi.

Mvua zikishaingia, hofu huhamia kwenye dhoruba. Mamlaka hutumia ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kwa rangi ya njano, chungwa na nyekundu. Viwango vinavyotajwa mara kwa mara ni mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24, upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Ukisikia angalizo la mvua kubwa, tazama kalenda ya mwezi. Bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, huja mwanzoni mwa mwezi wa Kiislamu na karibu na tarehe 15, na siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Mvua kubwa ikigongana na maji kujaa, mitaro inayomwaga baharini haimwagi, na sehemu za mabondeni mjini, kama Mwanakwerekwe, hubaki na maji kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo vyeti, sare za skuli na mchele viwe vimeshapandishwa juu kabla ya saa hizo, na kisima kifunikwe.

Radi ina hesabu yake nyepesi. Kuanzia kuuona mwanga hadi kuusikia mngurumo, kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Ukipata chini ya sekunde 30, ondoka shambani, ondoka chini ya mwembe na mnazi, na walio kwenye ngarawa zenye mlingoti warudi pwani. Subirini nusu saa baada ya mngurumo wa mwisho.

Vimbunga ni nadra kwetu kwa kuwa tuko karibu na ikweta, lakini nadra si kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa, na ndipo Pemba ikashika nafasi ya kwanza katika karafuu. Mwanzoni mwa Mei 2024 Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa, ingawa msimu wa vimbunga wa eneo hili huhesabiwa kuishia Aprili. Hata kimbunga kilicho mbali hutuhusu, kwani kikikaa upande wa Msumbiji kinaweza kuvuta unyevu kwake, mvua zetu zikachelewa na siku za moto zikaongezeka. Ndiyo maana habari ya kimbunga cha Machi kule kusini isichukuliwe kuwa ya wengine.

Utabiri wa masika humalizikia Mei, ilhali bahari haifuati kalenda hiyo. Kusi huwa kimeshashika, na Julai 18, 2012 boti ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe bahari ikiwa imechafuka. Anayesafiri kati ya Unguja na Pemba, hasa kupita Nungwi, afuate utabiri wa bahari wa kila siku kwa miezi yote ya kusi, na tahadhari ya upepo ikishaondolewa aangalie kifungu cha mawimbi peke yake, kwa sababu mawimbi yanaweza kubaki makubwa kwa siku nzima au zaidi baada ya upepo kutulia.