Jinsi ya Kuchunguza Maisha ya Kila Siku katika Dola ya Osmani

Anayetaka kuielewa jamii ya Dola ya Osmani, himaya ya masultani wa Kituruki ambamo Waislamu, Wakristo na Wayahudi waliishi pamoja kwa karne nyingi, asianze na vitabu vya itikadi. Aanze na madaftari ya mahakama za kadhi. Mengi yamehifadhiwa, yakiwamo ya Bursa, Aleppo na Jerusalem, nayo yamejaa madeni, ndoa, ugomvi wa majirani na bei za nyumba.

Chagua mji mmoja na kipindi kifupi, kisha usome kesi zote, hata zinazochosha, kwa kuwa mtafiti anayeokota zenye mvuto pekee huishia kusimulia vituko. Usichanganye kesi za kabla na za baada ya mwaka 1856, sultani alipotangaza usawa wa raia wa dini zote.

Tambua kila mhusika. Kwa kawaida karani aliandika “bin” kati ya jina la Mwislamu na la baba yake, na “veled” kwa asiye Mwislamu; aliyeandikwa “bin Abdullah” huenda alisilimu, kwa kuwa waliosilimu kwa kawaida waliandikiwa Abdullah, yaani mja wa Mungu, kama jina la baba, ingawa bila shaka walikuwepo wana halisi wa akina Abdullah.

Kisha jiulize kwa nini mtu huyo alikwenda kwa kadhi, maana swali hili ndilo lenye mavuno makubwa. Wakristo na Wayahudi walikuwa na mabaraza yao ya ndoa na mirathi, lakini wengi walimwendea kadhi kwa hiari: mwanamke Mkristo aliyenyimwa talaka na kanisa lake aliweza kuipata huko, na mfanyabiashara Myahudi alipata hati ambayo mdaiwa wake Mwislamu asingeikana kwa urahisi. Hata hivyo, usiuite huo usawa, kwani ushahidi wa asiye Mwislamu dhidi ya Mwislamu kwa kawaida haukukubaliwa, na wanaume wasio Waislamu walitozwa jizya, kodi ya kichwa ambayo Waislamu hawakuilipa.

Orodha za mirathi, zenye sufuria za shaba, magodoro na madeni, zitakuonyesha jinsi nyumba za dini tofauti zilivyofanana, ila huelemea wenye mali. Wakulima, ambao ndio waliokuwa wengi, huonekana mahakamani kwa nadra. Kwao tumia madaftari ya kodi ya karne ya 15 na ya 16, yaliyoorodhesha kaya na wanaume wasiooa kijiji kwa kijiji.