Jinsi ya kutumia "ancora": bado, tena na zaidi

Jikoni ninapofanya kazi, hapa Bologna, hakuna zamu inayopita bila mtu kusema ancora. Ni neno la wakati, fupi, na Waitaliano wanalitumia kila mara. Nawaeleza ndugu wanaofika sasa kwa sababu Kiswahili chetu kinatusaidia sana kulielewa, isipokuwa mahali pawili.

Matamshi kwanza. Mkazo ukae kwenye silabi ya katikati, an-KO-ra, palepale Mswahili angeuweka. Ukiupeleka mwanzoni umetaja nanga ya meli.

Maana ya kwanza ni "bado", nayo haina taabu. Kitenzi kinatangulia, ancora inafuata: Abito ancora a Bologna, bado naishi Bologna. Mpishi akiuliza tambi zimefikia wapi, namjibu Ancora due minuti, bado dakika mbili.

Sasa kukanusha, na hapa twende taratibu. Sisi tukiulizwa "Umekula?" tunajibu "Bado", na imetosha. Kwa Kiitaliano, ukiulizwa Hai mangiato? ukajibu Ancora peke yake, hujaeleweka. Mtu anaweza hata kudhani unataka kuongezewa. Jibu ni Non ancora. Ukitaka sentensi nzima, ancora huingia katikati, baina ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu: Non ho ancora mangiato, sijala bado. Il treno non è ancora arrivato, treni haijafika. Ndiyo -ja- yetu hiyo. Na -mesha- ni già, ambayo hukaa palepale: Il treno è già arrivato, treni imeshafika. Jifunze haya mawili kwa pamoja, kwani Mwitaliano akiuliza kwa già, utakanusha kwa non ancora.

Mahali pa pili ni "tena". Ancora hubeba maana hiyo: Provo ancora, najaribu tena. Lakini "tena" ya kukanusha, ile ya kitu kilichokwisha, usiipe ancora hata siku moja. Hiyo ni più. Fikiria uko Questura, ofisi ya polisi inayotoa vibali vya ukaazi. Non ho ancora il permesso di soggiorno ni kusema kibali hujakipata. Non ho più il permesso di soggiorno ni kusema ulikuwa nacho na sasa huna tena. Neno moja limebadilika, na anayekusikiliza ataandika kile ulichosema. Kama utakariri kitu kimoja tu leo, kariri hicho.

Kuna sentensi ambazo hata Mwitaliano huzielewa kwa muktadha tu. Sei ancora in ritardo inaweza kuwa bado umechelewa, au umechelewa tena. Mimi nikitaka "tena" isiyo na utata nasema di nuovo: È ancora malato, bado anaumwa, È di nuovo malato, alipona na sasa anaumwa tena. Nakushauri ufanye hivyo hadi sikio lizoee.

Maana ya "zaidi" utaijulia mezani. Sikiliza kinachofuata ancora. Vuoi ancora del caffè? Unaongezewa kahawa. Vuoi ancora il caffè? Unaulizwa kama ile kahawa uliyoagiza bado unaitaka. Ukitaka kidogo zaidi, sema Ancora un po', grazie. Mbele ya più na sifa (hapa più ni "zaidi") pia huongeza nguvu: ancora più buono, tamu zaidi hata ya hiyo.

Ukumbini, msanii akimaliza na watu wanataka aimbe tena, kelele utakazosikia ni Bis! Hapo piga makofi na useme nao hivyohivyo.