Rotari imetoka ovahoo na haiwaki: anzia kwenye kompresheni

Injini ya rotari ya Mazda, iwe 13B ya RX-7 au Renesis ya RX-8, haina pistoni: ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka ndani ya hausingi, yaani kasha lake. Haipendi kupigiwa starta ovyo. Ikikataa mara mbili tatu, acha. Kila inapozunguka bila kuwaka, nozeli zinamwaga petroli ndani, petroli inaosha oili iliyopakwa wakati wa kuiunga, sili (vizibo vya kingo za rota) zinabaki kavu na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani, inashuka. Hitilafu ya kwanza huenda ilikuwa waya mmoja tu. Sasa una hitilafu mbili.

Kwa hiyo ikaushe kwanza, hata kama unashuku kitu kingine. Toa fyuzi ya pampu ya petroli, chomoa soketi za koili (mvuke utakaotoka unashika moto kwa cheche ndogo), kisha fungua plagi zote nne. Piga starta sekunde 10, pumzisha, rudia mpaka mvuke uishe. Mimina kama mililita 5 za oili ya injini kwenye tundu la chini la kila rota, halafu zungusha shafti kwa spana kwenye boliti ya puli, kwa mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka mbele, mzunguko mmoja kamili. Fanya hivyo mara tatu. Rota ina nyuso tatu, na shafti huzunguka mara tatu rota ikizunguka mara moja. Ukimimina mara moja tu umelainisha uso mmoja.

Kabla ya kurudisha plagi zote, sikiliza. Acha wazi tundu moja la rota unayoipima, piga starta: zinatakiwa pumzi tatu zenye nguvu sawa, zikijirudia. Pumzi moja dhaifu huashiria sili ya pembeni ya uso huo. Mbili zinazofuatana zikiwa dhaifu, shuku sili ya ncha au springi yake, kwa sababu sili hiyo inatumiwa na nyuso mbili jirani. Zote tatu zikiwa chini kwa usawa, ni ukavu, hausingi iliyochakaa, au starta inayozunguka polepole.

Geji ya kompresheni ya injini za pistoni hudanganya hapa: vali yake hushikilia kipimo cha uso bora na kuficha nyuso mbili mbovu. Itoe vali hiyo, utazame sindano inavyoruka. Kwa RX-8, kiwango cha chini kabisa ni kPa 680 kwa mizunguko 250 kwa dakika, na tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi kPa 150. Injini iliyoungwa kwa hausingi za zamani husoma chini mpaka sili zijikalishe, kwa hiyo usikimbilie kuifungua tena. Angalia kwanza betri, na waya wa ethi kati ya injini na bodi, ambao husahaulika mno baada ya injini kurudishwa.

Kompresheni ikiwepo, nenda kwenye cheche. Kwenye hausingi kuna alama L kwa plagi ya chini na T kwa ya juu. Zinazowasha injini hasa ni za L. Kwenye RX-7 za miaka ya 1986 hadi 2002, L mbili hupata cheche kwa pamoja, hivyo kuzibadilishana hakudhuru; kubadilishana T mbili, au kuweka L mahali pa T, kunaharibu kila kitu. RX-8 ina koili nne zinazojitegemea, kila waya una mahali pake. Kama modeli yako ina sensa ya taimingi inayochomekwa kwenye kava ya mbele, rudia kuilinganisha: alama ya njano ya puli kwenye pini, ndipo sensa iingie alama zake zikiwa zimekutana. Jino moja tu likipishana, itapiga mlipuko kwenye ekzosi na isiwake.

Petroli huja mwisho, maana mara nyingi imezidi kuliko kupungua. Nozeli iliyokaa miezi bila kazi huvuja: washa pampu bila kupiga starta, uone kama plagi zinalowa.

Kila kitu kikiwa sawa na bado inasita, gari la gia za mkono huweza kuwashwa kwa kuvutwa, gia ya pili au ya tatu, kwa kuwa kasi inaongeza kompresheni. Weka plagi kavu kabla.

Moshi mwingi mweupe dakika za kwanza ni vaselini na oili ya kuungia. Moshi usipokoma injini ikishapata moto, na maji ya rejeta yakipungua, zima, ipoe, pandisha presha ya mfumo wa maji hadi karibu bar 0.9, uache kwa saa kadhaa, kisha utoe plagi. Plagi ikitoka na maji, sili ya maji ilibanwa vibaya wakati wa kuunga, na hapo hakuna njia ya mkato: injini inashuka.