Umeipenda picha ya mtu? Muombe kwanza

Unatengeneza bango la kuuza zabibu zako za Hombolo, unaona Instagramu picha kali ya shamba, unaskrinishoti, unakata lile jina la pembeni, unaprinti. Hapo umeshakosea mara mbili ndugu yangu. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 picha inalindwa tangu inapopigwa, hata kama mwenyewe hajaisajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania), na kuiweka mtandaoni haimaanishi kaigawa bure.

Fanya hivi, mtafute aliyeipiga (sio aliyeiposti, hao wengi nao wameiokota tu kwenye magrupu, tumia Google Lens uone ilianzia wapi) halafu mtumie meseji yenye maelezo kamili, mfano: "Habari kaka, nimeipenda picha yako ya shamba, naomba niitumie kwenye mabango 20 hapa Dodoma mjini kwa miezi 3, jina lako nitaliweka, kama kuna malipo niambie." Akijibu sawa hifadhi hiyo chati, ya mdomo usiitegemee. Asipojibu ujue hajakubali, tafuta nyingine.

Na kama kuna mtu anaonekana sura, mfano mama muuza zabibu pale stendi, naye muulize, ni sura yake hiyo.

Huna muda? Ingia Wikimedia Commons, hazina ya picha za bure mtandaoni, ila soma leseni (masharti ya kuitumia picha), ikiwa ni ile ya CC BY unataja jina la mpigaji. Au chukua simu yako, Hombolo sio mbali.