Kugoma bila kungoja viongozi wa chama cha wafanyakazi

Mimi huanza na ramani, hotuba baadaye. Chora kiwanda chote kwenye karatasi: nani yuko zamu ya usiku, nani anasikilizwa na wenzake, mashine ipi ikisimama zote zinasimama. Nguvu yetu iko hapo.

Kisha zungumza na mtu mmoja mmoja, mbali na msimamizi. Muulize kinachomuumiza, halafu nyamaza usikilize. Usimwahidi kitu.

Kila idara ichague mjumbe wake, nayo iwe na haki ya kumwondoa siku yoyote. Mjumbe hapatani na mwajiri faraghani. Anapeleka neno na kurudi na jibu mkutanoni. Hapa silegezi hata kidogo, kwa sababu nimeona viongozi wa chama wakitia saini kwanza na kutuuliza baadaye. Mei 1968, nchini Ufaransa, makubaliano ya Grenelle, yaliyofikiwa na vyama vya wafanyakazi, waajiri na serikali, yalipelekwa kwa wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha Renault pale Billancourt. Wakayakataa, mgomo ukaendelea.

Polisi wakitafuta vichwa vya mgomo, msiwape. Durban, Afrika Kusini, mwaka 1973, wagomaji wengi walikataa kuteua wawakilishi, maana waliojulikana wangefukuzwa au kukamatwa. Madai waliyatoa wakiwa umati. Hatari ikiwa kubwa namna hiyo, fanyeni hivyo: mwajiri aje ajibu mbele ya wote.

Mfuko wa chakula uandaliwe mapema, na familia zishirikishwe. Na kabla ya yeyote kurudi kazini, pateni kwa maandishi kwamba hakuna atakayefukuzwa.