Kuchora kava la gemu ya mikakati: lieleweke hata likiwa dogo kama ukucha

Anayechora kava la gemu ya mbio za magari huchora gari, kazi ikaisha. Gemu ya mikakati haina gari. Ina ramani, ina hesabu, ina askari wadogo kama punje za mtama, na utamu wake wote uko kichwani mwa mchezaji: niishike bandari hii leo, au nisubiri upepo ugeuke? Kava letu linatakiwa kuonyesha huko kusita, tena ndani ya picha ambayo mnunuzi ataipitisha macho kwa sekunde moja huku kidole kikiendelea kushusha skrini.

Mfano nitakaoutumia ni gemu yangu mwenyewe ya zamu kwa zamu, inayohusu wafanyabiashara wa Kilwa katika karne ya 14. Mchezaji anapakia chombo, anaviziana na wapinzani, anagombea dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika pwani ya Msumbiji. Kava nimelichora mara mbili, na ya pili ndiyo iliyonifundisha haya.

Hatua ya 1: Andika sentensi ya uamuzi

Kabla ya kushika kalamu, jaza nafasi hizi: mchezaji anachagua kati ya hiki na kile, na akikosea anapoteza kitu fulani. Yangu ilikuwa hivi: nahodha anachagua kung'oa nanga sasa na mzigo nusu, au kusubiri shehena ijae huku kaskazi, upepo wa kumpeleka kusini, ikikaribia kukatika; akichelewa, safari ya kusini imekufa mpaka msimu mwingine.

Mara ya kwanza niliiruka hatua hii. Nikachora uso wa nahodha, jambia mkononi, moto nyuma yake. Ulikuwa mchoro mzuri na niliupenda. Nikamwonyesha shemeji yangu kwenye simu: "Dogo, hii gemu inahusu nini?" Akajibu bila kufikiri, "Si ya kupigana hii, kaka?" Ndani ya gemu yangu hakuna panga hata moja linalochomolewa. Kava la namna hiyo linamleta mtu asiye wako, naye ataondoka amekasirika, huku yule anayependa kukaa saa tatu akipiga hesabu za shehena ameshapita bila kujua kwamba umemtengenezea kitu.

Hatua ya 2: Watazame majirani zako

Fungua Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, tafuta lebo ya mikakati ya zamu kwa zamu, piga picha ya skrini yenye makava kumi au kumi na tano. Ihifadhi, utaihitaji hadi mwisho. Kisha angalia vitu viwili. Kwanza, ni nini kinachokufanya utambue kwamba hizi ni gemu za mikakati? Mara nyingi ni mtazamo wa kutoka juu, vigae vya ramani, bendera, au vitu vingi vidogo vinavyokabiliana na kimoja kikubwa. Chukua angalau ishara moja kati ya hizo, maana mteja wako anaitafuta. Pili, ni rangi gani imejaa? Kumbuka pia kwamba ukurasa wenyewe wa Steam ni wa buluu iliyokolea. Kava la usiku wa bahari, lenye kingo nyeusi, linazama humo na mipaka yake haionekani. Ndiyo maana mimi, pamoja na kwamba gemu ni ya baharini, nilichora machweo: mbingu ya manjano ya embe lililoiva, maji ya rangi ya shaba.

Hatua ya 3: Anza na kidogo kabisa

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo usiikimbie. Steam huita picha za kava kapsuli, nazo zina saizi kadhaa. Kapsuli ndogo hupakiwa kwa pikseli 462 kwa 174, lakini duka huipunguza lenyewe hadi 184 kwa 69, na hata 120 kwa 45. Hiyo ya mwisho ni kama ukucha wa kidole gumba. Wengi huchora bango kubwa la kupendeza kisha hulibana mpaka liingie humo. Geuza mwendo: chora umbo litakalosomeka katika 120 kwa 45, halafu lipanue.

Chora vijipicha kumi na viwili kwa nyeusi, nyeupe na kijivu kimoja tu. Hakuna uso, hakuna mapambo, ni maumbo matupu. Mimi hutumia Krita, programu ya kuchorea, ambayo hukuruhusu kufungua dirisha la pili la mchoro uleule. La kwanza nalikuza nichore, la pili naliacha dogo pembeni nione kinachobaki. Kinachopotea kwenye dirisha dogo usikipiganie. Kiache kipotee.

Hapo nilikutana na swali gumu. Nilitaka sana kuchora mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, tanga lake mkeka wa mraba. Ni chombo chetu cha pwani na nilitaka dunia ikione. Lakini kwenye kijipicha, tanga la mraba juu ya mlingoti mmoja lilisomeka kama chombo cha Waviking, ambao wamejaa kwenye gemu za mikakati. Mnunuzi wa Ujerumani au Brazil asingejua tofauti katika sekunde moja. Tanga la pembetatu, lenye foromali (mti unaobeba tanga) iliyolala mshazari, linasema Bahari ya Hindi papo hapo, nalo lilikuwepo katika bahari hii zama hizo. Nikaliweka mbele. Mtepe nikaupeleka kwenye picha pana ya maktaba, yaani sehemu ya Steam yenye gemu ambazo mteja anazo tayari, ambako kuna nafasi ya kuhesabu mishono yake. Iliniuma, lakini kava si mahali pa kufundisha historia. Linamvuta mtu aingie ndani, na historia ataikuta humo.

Hatua ya 4: Panga picha kwa tabaka tatu

Mbele pawe na kitu kimoja kikubwa, katikati pawe na uamuzi, nyuma pawe na upana wa dunia ya gemu. Kwangu mimi, mbele ni mkono wa nahodha umeshika kamba, haujaivuta wala haujaiachia. Katikati ni tanga lililopandishwa nusu. Nyuma ni bandari inayotazamwa kutoka juu kidogo, magunia yakingoja ufukweni, na vyombo viwili vya wapinzani vimeshatoka. Ukiikuza unaona kisa kizima. Ukiipunguza kinabaki kipembe cheupe juu ya manjano, nacho kinatosha.

Sasa ondoa rangi zote kwa kushusha ukolezaji (saturation) hadi sifuri. Tanga na mbingu zikiwa kijivu kilekile, rangi nzuri haitakuokoa: weka giza upande mmoja au mwanga upande mwingine mpaka umbo lisimame. Kona ya juu kushoto usiweke kitu cha maana, kwa sababu duka hubandika hapo utepe wa kumjulisha mteja kwamba gemu anayo tayari au ameihifadhi kwenye orodha yake.

Hatua ya 5: Jina

Kwenye kapsuli ndogo jina ndilo picha. Lijaze karibu nafasi yote, na mchoro ubaki kama mandhari. Fonti za kuiga kalamu ya mwanzi ya Kiarabu zinapendeza kwenye bango, lakini kwenye udogo huu mikia yake nyembamba hukatika na herufi hugeuka madoa. Chagua herufi nene, zikae mistari miwili kama jina ni refu, na uzizungushie ukingo wa rangi moja iliyokolea. Kivuli laini hakisaidii kitu.

Usiongeze maneno mengine. Tangu tarehe 1 Septemba 2022, Steam inakubali kwenye kapsuli za kawaida mchoro, jina la gemu na jina dogo rasmi peke yake. Alama za wahakiki, tuzo na matangazo ya punguzo yamepigwa marufuku.

Hatua ya 6: Tenganisha leya, kisha toa saizi

Mkono, tanga, bandari, mbingu na jina, kila kimoja kwenye leya yake, yaani karatasi yake ya kidijitali ndani ya faili la mchoro. Usikate picha moja kwa saizi zote, zipange upya. Kapsuli kuu ni 1232 kwa 706, ya kichwa cha ukurasa 920 kwa 430, ya wima 748 kwa 896, ya maktaba 600 kwa 900. Ile picha pana ya maktaba ni 3840 kwa 1240 na haitakiwi kuwa na maandishi. Jina hupakiwa peke yake kama PNG isiyo na mandhari. Ukipeleka gemu Itch.io, duka jingine la mtandaoni, andaa pia 630 kwa 500. Kwenye ile ya wima mkono wangu haukuenea, nikauondoa, nikapandisha mlingoti.

Hatua ya 7: Jaribu kabla na baada

Rudi kwenye picha ya skrini ya hatua ya 2, bandika kava lako katikati ya majirani, mwonyeshe mtu kwa sekunde tano, kisha funika. Usimuulize kama ni zuri. Ndugu na marafiki watakuambia ni zuri. Muulize mchezaji anafanya nini ndani ya gemu hiyo. Shemeji yangu safari hii alisema, "Biashara ya majahazi. Kuna kuwahi kitu." Nikaacha kuchora hapohapo.

Ukishapakia, fungua ripoti ya wageni ndani ya Steamworks, tovuti ya Steam ya watengenezaji gemu, uangalie kava limeonekana mara ngapi na limebonyezwa mara ngapi. Andika namba za wiki mbili kabla ya kubadilisha na wiki mbili baada ya kubadilisha, na katika kipindi hicho usiguse bei, trela wala maelezo ya ukurasa. Faili la kava la zamani usilifute, maana namba zikishuka utalihitaji siku hiyohiyo.