Lambo la udongo shambani: pigia hesabu utoro kabla ya tuta

Huku Kisongo na Monduli, Arusha, mtu akipata hela anaita greda, anasukuma tuta refu, anapiga picha, utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada lambo likijaa, anasema ntaweka mwakani. Masika ikishuka maji yanapita juu ya tuta, na tuta la udongo likishapandwa na maji hivyo halichukui muda linakatika. Sasa twende:

1. Kibali. Tuko Bonde la Pangani, kibali unaomba bodi ya maji ya bonde, ofisi zake ziko Moshi. Korongo hata likipita shambani kwako maji sio yako, sheria ya rasilimali za maji ya 2009 iko wazi. Kaa pia na wenzio wanaotumia maji chini ya lambo mapema, greda haijafika.

2. Udongo. Loanisha kidogo, viringisha upate kamba ya unene wa penseli, ikipinda bila kukatika unafaa. Majivu ya volkano ya huku yaogope, yanavuja kama tenga.

3. Msingi. Toa udongo wa juu wote wenye mizizi, halafu chimba mtaro kwenye mstari wa tuta mpaka ukute udongo mgumu usiopitisha maji, jaza mfinyanzi, shindilia.

4. Utoro, na hapa usibane hela. Uchongwe pembeni kwenye ardhi ya asili, sio juu ya udongo uliojaza. Sakafu yake iwe chini ya kilele cha tuta mita 1 hivi. Upana anayekupa ni mafuriko, so tafuta takataka zilizonasa kwenye miti ya korongoni uone maji yaliwahi kufika wapi, waulize na wazee, kisha mpe injinia apige hesabu. Mpana wenye ukoka ni bora kuliko mwembamba, maji yanapita taratibu hayachimbi. Mdomo wake umwage mbali na mguu wa tuta, pale chini upande wa nje. Na wale wanaofuga perege lamboni jamani, wavu kwenye utoro hapana! Majani yanaziba usiku mmoja tu.

5. Tuta. Mwaga tabaka za sentimita 15 hadi 20, udongo uwe na unyevu, shindilia kila tabaka. Mteremko upande wa maji 1:3, yaani kimo mita 1 kwa mita 3 za kwenda mlalo, nje 1:2. Panda nyasi, miti hapana, mizizi ikioza inaacha njia ya maji.

6. Ng'ombe wanywe kwenye birika nje, toa bomba.

Mvua kubwa ikipita zunguka mguu wa tuta. Unyevu wa maji safi yasiyo na tope unauangalia tu, ila yakitoka na tope fungulia bomba siku hiyohiyo, watoe watu wa chini, mpigie injinia.